Kinachoruka ni mshale au ni mstari?

Mwalimu wa fizikia aliingia steshenari saa kumi na moja jioni, mtihani wa kidato cha tatu ukiwa wa kesho yake asubuhi. Maswali yote yalishachapwa. Kilichobaki ni mchoro mmoja wa sakiti: betri, swichi, balbu mbili na waya wa kuziunganisha. Nikamwambia dakika kumi tu, Mwalimu, kaa hapo kwenye stuli. Chaji ilikuwa inaishia, nikaazima kalamu yake nyekundu nifungulie tundu la soketi, nikachomeka chaja, tukaanza.

Saa moja usiku tulikuwa bado tunapigana na mstari mmoja. Nikiusogeza uguse balbu, unapitiliza. Nikiurudisha kidogo, unaishia njiani. Pale katikati ninapopataka haukai hata kwa bahati. Halafu mshale nao ukaanza kutetemeka kama una homa. Mwalimu akavua miwani. "Mwanangu, hii kompyuta imezindikwa au imerogwa?"

Jioni ile palikuwa na hitilafu mbili, nami nilipoteza saa nzima kwa kuzifanya moja. Ndicho kinachowakuta wengi wanaochora ndani ya Word. Wataalamu watatuambia Word ni ya kuandikia na michoro ina programu zake, na ni kweli, lakini mwalimu anataka faili atakaloweza kulifungua na kulirekebisha mwenyewe nyumbani, na nyumbani ana Word. Kwa hiyo tunachora humo humo.

Watu wakija na shida hii husema neno moja: kasa inaruka. (Kasa ni jina ambalo baadhi ya watunga istilahi walikipa kielekezi cha kompyuta, na mimi kila nikilisikia namwona yule mnyama wa baharini akipiga makasia kwenye kioo.) Ndani ya lalamiko hilo mna vitu vitatu. Kuna mshale unaofuata mkono wako. Kuna kijiti kinachopepesa katikati ya maandishi, kinachokuonyesha herufi ijayo itaingilia wapi. Na kuna umbo lenyewe unalochora, liwe mstari, mduara au kisanduku. Kila kimoja kina sababu zake za kuruka, na dawa ya kimoja haikiponyi kingine. Kabla hujafungua menyu yoyote, sogeza mkono polepole na utazame ni kipi hasa kimeruka.

Kama macho hayakupi jibu, shusha Word, fungua Paint, chora duara kwa mkono. Mshale ukitulia kule, vifaa vyako ni vizima na shida imo ndani ya Word. Ukirukaruka na kule, Word haina kosa, usihangaike nayo.

Nianze na mstari, maana ndio unaowachosha watu zaidi. Ukurasa wa Word una gridi iliyofichwa. Lifikirie daftari la hesabu la visanduku ambalo mistari yake imefutwa lakini bado ina sumaku: ukiburuta umbo, kingo zake zinanaswa na mstari wa karibu. Upana wa kisanduku kimoja kwa kawaida ni milimita tatu na kitu. Mkono ukienda milimita moja, umbo halijongei. Ukienda mbili, linarukia kisanduku kinachofuata. Anayechora chati ya uongozi wa shule ataishukuru gridi hiyo, kwa sababu visanduku vyake vitajipanga kama askari gwarideni bila yeye kujisumbua. Anayetaka waya uguse balbu pale panapostahili, na pale ni katikati ya visanduku viwili, ataambiwa kompyuta yake imerogwa.

Kinachonichekesha ni kwamba Word yenyewe ni sahihi kupita kiasi. Ndani ya faili la docx, vipimo vya maumbo vinaandikwa kwa kizio kidogo ambacho 360,000 vyake ndiyo sentimita moja na 914,400 ndiyo inchi moja. Hesabu hizo zilipangwa hivyo makusudi ili sentimita, inchi na pointi za wachapaji, ambayo kila moja ni vizio 12,700, zote zigawanyike bila kuacha mkia wa desimali. Programu inayoweza kupima hivyo haishindwi na waya wa balbu. Gridi ni amri tu iliyowekwa juu yake, na amri hutenguliwa.

Njia ya papo kwa papo ni kushikilia kitufe cha Alt huku unaburuta. Alt ikiwa chini, gridi inalala, umbo linafuata mkono kama siagi kwenye kikaango. Ukiiachia, gridi inaamka. Nimefanya kazi hii miaka kadhaa kabla ya kujua jambo hilo, na sioni aibu kulisema, maana hakuna mahali kwenye skrini palipoandikwa. Anayetaka kuizima kabisa abofye umbo lolote, aende kwenye kichupo cha "Layout", afungue "Align", ashuke hadi "Grid Settings". Kisanduku kitakachofunguka kina tiki kwenye maneno "Snap objects to grid when the gridlines are not displayed". Sentensi ndefu, lakini ndiyo mchawi mwenyewe: gridi inanasa hata ikiwa haionekani. Ondoa tiki. Juu yake kuna mwenzake anayenasisha umbo kwenye umbo jingine, naye unaweza kumwondoa ukiona maumbo yako yanagandana. Kama hutaki kuifukuza gridi moja kwa moja, hapo hapo unaweza kupunguza ukubwa wa visanduku, ukaweka milimita moja, ukapata mpangilio na nafasi ya kupumua.

Kuanzia toleo la 2013 kuna jamaa mwingine, ile mistari ya kijani inayochomoza ghafla umbo likikaribia pambizo au katikati ya ukurasa. Nayo inavuta. Inazimwa kwenye menyu hiyo hiyo ya "Align". Wanaotumia LibreOffice Writer watafute "Snap to Grid" chini ya "Grid and Helplines" kwenye menyu ya "View". Tabia ni ile ile.

Halafu kuna suala la kukuza ukurasa, ambalo watu hulipuuza kwa haraka. Mshale husogea kwa nukta za skrini, hauwezi kukaa nusu ya nukta. Ukurasa ukiwa asilimia 100, nukta moja ni kama robo ya milimita kwenye karatasi. Kuza hadi 400, na mwendo ule ule wa mkono unakuwa chini ya sehemu ya kumi ya milimita. Mstari ulioonekana umegusa balbu ukiwa kwenye 100 utakuta umekosea kwa unywele ukikuza, na mashine ya fotokopi ina kipaji cha kuuanika unywele huo mbele ya darasa zima. Baada ya kukuza, acha kuburuta. Shika Ctrl na upige vitufe vya mishale kwenye kibodi, umbo linajongea kidogo kidogo kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Kuna kuruka kwa umbo ambako ni kukubwa zaidi: linatoka ukurasa mmoja kwenda mwingine. Mwalimu anaongeza sentensi moja kwenye swali la tatu, na mchoro wa swali la saba unahamia ukurasa unaofuata ukiacha lebo zake A na B zikielea peke yake. Hapo tazama nanga. Kila umbo linaloelea limefungwa kwenye aya fulani, na ukilibofya utaona alama ndogo ya nanga ikining'inia pembeni mwa aya hiyo. Aya ikihama, umbo linaifuata kama mashua na nanga yake. Mchoro wa sakiti una vipande kumi na tano na kila kipande kina nanga yake, na unapoviburuta nanga zinaweza kuhamia aya tofauti tofauti bila kukuaga. Siku aya zikitengana, mchoro unachanika.

Mimi siku hizi sichori moja kwa moja kwenye ukurasa. Nafungua orodha ya maumbo, nashuka hadi mwisho kabisa kwenye "New Drawing Canvas", inakuja turubai, nachora kila kitu ndani yake. Kisha turubai yenyewe naiwekea mpangilio wa "In Line with Text". Kuanzia hapo Word inauona mchoro mzima kama herufi moja kubwa: unasogea na swali lake, haukimbii. Aliyekwisha kuchora bila turubai achague vipande vyote huku ameshika Ctrl, avifunge pamoja kwa "Group". Inasaidia, ila turubai ni bora.

Sasa ule mshale wenye homa.

Nilifanya jaribio la Paint, ukatetemeka na kule. Kwa hiyo shida ilikuwa nje ya Word, kwenye njia kati ya kidole na kompyuta. Nilikuwa natumia tachipedi, kile kibao cha kugusa chini ya kibodi. Watu hudhani tachipedi inahisi uzito wa kidole. Haihisi uzito. Chini ya uso wake kuna wavu wa nyaya nyembamba zenye chaji ndogo ya umeme, na kidole, kwa kuwa mwili wetu unapitisha umeme, kinabadilisha kiasi cha chaji pale kinapokaribia. Kompyuta inasoma mabadiliko hayo mara nyingi kwa sekunde na kukisia kidole kiko wapi. Tone la jasho nalo linapitisha umeme. Mafuta ya chapati yanaacha utando. Kiganja kikiegemea ukingoni, kompyuta inahesabu vidole viwili na kuyumba kati yao. Dar es Salaam ya mwezi wa pili, bila feni, jasho peke yake linatosha kukuharibia mchoro. Futa kibao kwa kitambaa kikavu, futa mikono, jaribu tena.

Nilifuta. Haikusaidia. Nikachomoa chaja ili nigeuze waya uliokuwa unanizuia, na mshale ukatulia papo hapo kama mtoto aliyepewa ziwa.

Jambo hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu liko kwenye nyumba nyingi za kwetu. Soketi zetu, Tanzania na Kenya, ni zile za Kiingereza za matundu matatu. Tundu la juu ni la waya wa ardhi, na ndani ya soketi kuna vifuniko vinavyoziba matundu mawili ya chini hadi kijiti cha ardhi kiingie juu na kuvisukuma. Mtoto akichokoa kwa msumari, hafiki kwenye umeme. Lakini chaja nyingi zinakuja na plagi ya pini mbili, na ndiyo maana kila fundi, kila mwanafunzi wa bweni, anajua ujanja wa kusukuma kalamu kwenye tundu la juu ili vifuniko vifunguke. Ni ujanja wa hatari, na nilioufanya jioni ile siupendekezi kwa mtu. Tena unaliacha tupu tundu la ardhi, nalo lina kazi yake.

Ndani ya chaja kuna kifaa kidogo kinachoziba makelele ya umeme, na kwa namna kilivyoundwa kinaruhusu mkondo mdogo sana uvuje kutoka upande wa ukutani hadi upande wa kompyuta. Chaja yenye waya wa ardhi huushusha mkondo huo ardhini. Chaja isiyo nao inauacha uning'inie kwenye mwili wa kompyuta, na ndio ule mnyeo unaousikia ukipitisha mkono kwenye laptopu ya chuma ikiwa kwenye chaji. Chaja iliyotengenezwa vizuri huuweka kwenye kiwango kisichodhuru, lakini tachipedi inayopima vichaji vidogo vidogo vya kidole inakuwa kama mtu anayejaribu kusikia mnong'ono katikati ya mashine ya kusaga. Mshale unatetemeka. Chaja za bei ya chini tunazonunua ile ya asili ikifa huwa zimebana matumizi hapo hapo kwenye uchujaji, na makelele yanazidi.

Jaribio lake halina gharama: chomoa chaja, chora kwa betri dakika mbili. Mshale ukitulia, umempata mwenye kosa. Adapta ya pini tatu kuwekwa juu ya plagi ya pini mbili itakuokoa na kalamu, lakini haileti ardhi, kwa kuwa waya wa tatu haumo ndani ya chaja tangu mwanzo. Inatakiwa chaja inayotumia waya wa pini tatu, na soketi ambayo fundi wa nyumba aliunganisha kweli waya wake wa ardhi. Hilo la pili usilichukulie kuwa ni lazima limefanyika.

Hapa niseme jambo ambalo silitanii. Kama tachipedi imeanza kuinuka, haibofyeki vizuri, au laptopu ikiwa mezani inacheza kama kigoda kibovu, zima na uitazame kwa ubavu. Betri za lithiamu zikichakaa zinaweza kuvimba, na mara nyingi betri imelala chini ya tachipedi, hivyo inaisukuma juu. Mshale utaruka, ndiyo, lakini hiyo ni shida ndogo kuliko zote. Usiichaji, usiitoboe, mpelekee fundi aitoe.

Mtu ataniuliza kwa nini nisingetumia kipanya. Nilikuwa nacho, nimekiweka pembeni tangu mchana. Kaunta yangu juu ni kioo, chini ya kioo nimepanga rula, kompasi na bahasha. Kipanya cha kisasa ni kamera. Kina taa chini, kina lenzi, kinapiga picha za uso kilipokalia zaidi ya 1,000 kwa sekunde, na kwa kulinganisha picha moja na inayofuata kinajua kimeenda upande gani. Kinahitaji kuona mikwaruzo na nyuzi ndogo ndogo za uso. Kioo safi hakina kitu cha kuona, taa inapenya au inarudi kama kwenye kioo cha kujitazamia, na mshale ama unagoma ama unaruka upande. Karatasi nyeupe ya A4 chini yake inatosha. Na kabla ya kununua kingine, kigeuze. Unywele mmoja ukikaa mbele ya lenzi, kamera inauona umesimama wakati kila kitu kinasogea, na haijui iamini kipi.

Wazee wa kazi hii watakumbuka vipanya vya mpira, tulivyokuwa tukivifungua na kukwangua uchafu kwenye vigurudumu kwa kucha. Vilirithi kile kipanya cha mvumbuzi wake, Douglas Engelbart, alichokionyesha San Francisco tarehe 9 Desemba 1968, chenye magurudumu mawili chini. Uchafu ndio uliokuwa ugonjwa wao mkuu. Visivyo na waya vina ugonjwa wao: vinaongea na kompyuta kwa redio ya 2.4 GHz, na matundu ya USB 3.0, yale yenye ulimi wa bluu, yanatoa makelele kwenye masafa hayo hayo. Intel wenyewe, kampuni ya chipu za kompyuta, walilieleza hilo kwa maandishi mwaka 2012. Ukiwa umechomeka diski ya nje kwenye tundu la bluu na kijipokezi cha kipanya kiko ubavuni mwake, mshale utakwama na kuruka hasa wakati wa kunakili mafaili. Hamishia kijipokezi upande wa pili wa laptopu. Betri ikiwa imechoka, dalili ni zile zile.

Wenye ThinkPad za mtumba, zile zenye kidude chekundu katikati ya kibodi, mara nyingine wataona mshale unateleza wenyewe kuelekea pembeni bila kuguswa. Ondoa mikono yote, subiri sekunde chache. Kidude kinajipima upya na kutulia. Ukishindana nacho ndivyo kinavyozidi kukosea.

Imebaki sababu moja inayowadanganya hata mafundi, kwa sababu hakuna kilichoharibika. Windows ina mpangilio unaoitwa "Enhance pointer precision", na ukisoma jina lake utadhani ndio hasa mchoraji anaouhitaji. Maana yake ni kwamba mshale unaenda mbali zaidi mkono ukienda haraka. Sogeza kipanya sentimita tano kwa kasi, kisha kirudishe sentimita tano polepole: mkono umerudi ulipoanzia, mshale haujarudi. Kwa kufungua mafaili ni raha. Kwa kuchora mkunjo wa grafu, ambapo mkono huharakisha kwenye ulalo na kupunguza kwenye kona, mstari unakuwa si wako. Unauzima kwenye mipangilio ya ziada ya kipanya, kichupo cha "Pointer Options". Siku mbili za kwanza utaona kipanya kizito. Vumilia.

Na kile kijiti cha maandishi? Kikiruka unapoandika lebo za mchoro, ukakuta neno "swichi" limeingia katikati ya swali la pili, ni dole gumba au kiganja kimegonga tachipedi na kompyuta ikahesabu ni kubofya. Punguza wepesi wa tachipedi kwenye mipangilio, au izime kabisa kipanya kikiwepo. Hakuna zaidi ya hapo.

Jioni ile tulimalizia kwa betri, iliyokuwa imebaki asilimia kumi na nane, kidole changu cha kushoto kikiwa kwenye Alt. Waya ukagusa balbu zote mbili. Nikauprinti ukurasa, Mwalimu akauinua kwenye taa, akapitisha ukucha kwenye kila kiungo cha sakiti kama anayetafuta hitilafu ya kweli, akaridhika. Saa mbili kasorobo alikuwa ameshafunga bahasha na kuifungia kwenye mkoba. Mlangoni akasimama, akapapasa mfuko wa shati, akarudi kuangalia pale ukutani kwenye soketi. Kalamu yake nyekundu nilikuwa nimeichomeka sikioni mwangu tangu saa kumi na moja.